Jinsi ya kuwanoa masupavaiza wa utafiti chuoni (na sio kwa semina ya posho)

Barua yangu ya kwanza ya usimamizi ilisukumwa chini ya mlango wa ofisi, wiki tatu tangu nirudi na PhD. Karatasi moja, majina manne ya wanafunzi wa masta, namba zao za usajili, sahihi ya mkuu wa idara, basi. Hamna aliyeniita akaniambia hii kazi inafanywaje. Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu anafanya, nikawasimamia vile vile nilivyosimamiwa mimi, na mimi nilisimamiwa na mzee mmoja ambaye alikuwa anakaa na sura ya tasnifu yako miezi mitatu alafu anairudisha na mstari mmoja wa kalamu nyekundu. Kati ya wale wanne wawili walichelewa sana kumaliza, mmoja aliacha, na wa nne alimaliza mapema kwa sababu alikuwa ananizidi akili na hakunihitaji.

Sa hivi ndo mimi naratibu masomo ya uzamili kwenye kitivo, na nimeshaandaa mafunzo ya masupavaiza ya kila aina, mengine nayaonea aibu. Kwa hiyo hii ni kwa yule ambaye ameitwa na dikani (mkuu wa kitivo) akaambiwa "tunataka usimamizi uboreke, andaa kitu", na yeye cha kwanza kinachomjia kichwani ni hoteli, projekta na cheti. Subiri kwanza mkuu.

Hesabu vichwa kabla hujaita semina

Fungua Excel. Jina la supavaiza, ana wa masta wangapi, wa PhD wangapi, kila mwanafunzi alisajiliwa mwaka gani, yupo hatua gani, mara ya mwisho aliwasilisha kitu lini, na mara ya mwisho alirudishiwa lini. Hizo kolamu mbili za mwisho ndo zenye mambo yote, na ndo ambazo hautazikuta kwenye mafaili ya ofisi, inabidi uulize mwanafunzi mmoja mmoja kwa simu. Ilinichukua siku tisa na vocha zangu mwenyewe.

Tulichokikuta: mwenzetu mmoja ana wanafunzi 19, na mwingine ofisi ya pili tu kutoka kwake, ana PhD kama yeye, ana wawili. Sio kwamba yule wa 19 ni mchoyo wala huyu mwingine ni mvivu. Wanafunzi wanakimbilia jina wanalolijua, na idara inapitisha tu orodha walivyoomba. Sa mtu wa namna hiyo utamfundisha nini kuhusu kusoma kazi ya mwanafunzi kwa makini, muda wenyewe hana, hata umpe vyeti vitatu. Kenya walishapitia hili hadharani, mwaka 2019 chuo kikuu cha JKUAT kilitoa PhD 118 kwenye mahafali moja, serikali ikaagiza CUE, tume yao ya vyuo vikuu, ichunguze, na swali ambalo kila mtu alikuwa anauliza mtaani ni hao wote walisimamiwa na nani na saa ngapi. Usingoje mpaka uulizwe wewe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza sio mafunzo kabisa, ni kugawana upya. Weka kikomo cha idara yako, kipitishwe kwenye kikao na kiandikwe kwenye muhtasari, alafu wanafunzi wapya waelekezwe kwa wale wenye nafasi. Wale wa zamani usiwahamishe hovyo, mwanafunzi aliyefika kwenye uchambuzi wa data ukimbadilishia supavaiza umemrudisha mwanzo. Kutakuwa na manung'uniko, maana kwa wengine wingi wa wanafunzi ni heshima na pia ni ile hela ndogo ya usimamizi. Vumilia.

Darasa la komenti

Hapa ndo nitakaa kidogo maana kama utafanya kitu kimoja tu kwenye haya yote basi fanya hiki. Semina za siku tatu nimeziandaa, mtoa mada anakuja na slaidi 80 za falsafa za usimamizi, watu wanasaini mahudhurio asubuhi, saa nne wanakunywa chai, saa sita nusu ya ukumbi wapo nje na simu, jioni posho. Wiki inayofuata mwanafunzi anapokea karatasi yenye maneno yale yale. Manake hakuna mtu aliyegusa ile karatasi! Usimamizi kwa sehemu kubwa ni maandishi pembeni ya maandishi ya mtu mwingine, na hicho ndo kitu ambacho wahadhiri hawajawahi kuonyeshana, kila mtu anaandika komenti zake peke yake ofisini kama mtu anayeoga.

Unafanya hivi. Watu sita mpaka nane, wasizidi. Mmoja wao analeta kurasa mbili za drafti ya mwanafunzi wake, jina limefutwa na mwanafunzi mwenyewe ameridhia (muombe kwa maandishi, sio kumshtukiza). Chagua sehemu ya tatizo la utafiti maana ndo panapoharibika mara nyingi. Toa kopi, kila mtu apate yake, alafu dakika 20 kimya kabisa, kila mtu anasahihisha kama anavyosahihisha siku zote. Muda ukiisha kila mmoja anampa karatasi aliyekaa kushoto kwake. Sasa unasoma kwa sauti komenti za mwenzako, moja moja, na kila moja unajibu swali hili: kama mimi ndo mwanafunzi, kesho asubuhi nikiamka nafanya nini?

Hilo swali linaua. Mara ya kwanza tulikuwa na kurasa za binti mmoja anayetafiti stakabadhi ghalani (ule mfumo wa kuuza mazao kupitia maghala) kwenye korosho kule Newala. Aya yake ya pili ilisema wakulima wanakabiliwa na changamoto nyingi zikiwemo bei, malipo kuchelewa na makato ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), alafu ikarukia nadharia. Tulikuwa saba. Watano walikuwa wamepigia mstari neno changamoto na kuandika, kwa kile Kiingereza cha kalamu nyekundu, haieleweki. Mmoja aliandika panua. Mmoja aliweka alama ya kuuliza, kubwa, peke yake, kama ndoano. Aliyekuwa anazisoma akafika kwenye ile alama ya kuuliza akanyamaza, akasema "kesho asubuhi nikiamka nalia". Tulicheka mpaka tukapata aibu, kwa sababu ndoano ile ilikuwa ya mtu aliyekuwepo mle mle ndani, na mtu mwenyewe ni mimi.

Tukakaa tukaiandika upya pamoja, ikatoka hivi: "Aya hii ina mambo matatu, bei, malipo kuchelewa na makato. Maswali yako ya utafiti yote yanahusu malipo. Baki na malipo, hayo mawili yapeleke kwenye usuli, alafu niletee aya moja inayosema malipo yanachelewa kwa nani, tangu lini, na wewe umejuaje." Ni sentensi tatu, zinaandikwa kwa dakika mbili, na binti akizisoma anajua pa kuanzia. Kwenye ukurasa mzima ukiwa na komenti tatu za hivyo unatosha, zile nyingine 14 za koma na nukta ziache mpaka drafti ya mwisho. Hili nalo ni gumu kwa watu wetu, tumezoea kuona karatasi ikiwa nyekundu yote ndo mwalimu kafanya kazi.

Fanyeni mara moja kila wiki mbili kwa semista moja, saa moja na nusu tu. Usilipe posho. Najua, nitachukiwa, ila ukilipa posho watakuja wa posho, na ukiacha kulipa hawarudi tena hata waliokuwa wanakuja kwa moyo. Andaa chai na mihogo ya kukaanga inatosha. Na hakikisha angalau profesa mmoja analeta karatasi yake mwenyewe ndani ya vikao vitatu vya mwanzo, la sivyo wadogo wataona ni darasa la wao kusutwa.

"Sawa dokta"

Kuna kitu vitabu vya mafunzo kutoka nje haviwezi kukwambia kwa sababu hakipo kwao. Sisi tunaongea na mwanafunzi Kiswahili, tunamuandikia komenti Kiingereza, na yeye anaandika tasnifu Kiingereza (ukiacha wale wa idara za Kiswahili, mfano TATAKI, taasisi ya Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao wanaandika kwa Kiswahili moja kwa moja). Alafu juu ya hapo kuna heshima. Mwanafunzi akiingia ni shikamoo, akikaa anakaa kwenye ncha ya kiti, na kila ukimuuliza umeelewa anajibu sawa dokta. Hata kama ni mtu mzima ana miaka 45, ni mkuu wa shule huko kwake na ana watoto chuoni, akifika mbele yako ni sawa dokta.

Mimi nilimwambia kijana mmoja "hii sura ya pili punguza", nikimaanisha amerudia rudia mambo. Akarudi baada ya wiki tano ameikata kurasa kutoka 40 mpaka 22 na alichokata ni nadharia yote, ile sehemu pekee iliyokuwa nzuri. Nilipomuuliza mbona umetoa hii akasema dokta si ulisema nipunguze. Hakuuliza kwa sababu kuniuliza ingekuwa kama kunihoji.

Kwa hiyo wafundishe masupavaiza wasiulize umeelewa, lile swali halina kazi. Badala yake kila baada ya kikao mwanafunzi anatuma nusu ukurasa ndani ya siku mbili: tumekubaliana nini, nitafanya nini, nitaleta lini. Kwa lugha anayotaka. Supavaiza anasoma, anajibu "ndo hivyo" au anarekebisha. Hii inaweza kuwa imeli au hata WhatsApp, ila WhatsApp ina shida moja, inapotea, simu ikiibiwa Kariakoo ushahidi wote umeondoka, kwa hiyo sisi tunasisitiza imeli na kopi inaenda kwa supavaiza wa pili.

Kikao cha kwanza nacho kiwe na makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa. Usitengeneze fomu ya kurasa sita, watajaza bila kusoma. Ukurasa mmoja: drafti itarudishwa baada ya siku ngapi (sisi tumeweka 14 za kazi kwa sura, na mtu akisafiri anasema), mnakutana mara ngapi, simu inapigwa mpaka saa ngapi usiku, supavaiza wa pili anasoma lini, na makala ikitoka kwenye tasnifu jina la nani linatangulia. Hilo la mwisho watu wanaliogopa kuliongea mapema alafu linakuja kuvunja undugu mwishoni. Jina la mwanafunzi linatangulia, kazi ni yake. Hapo mimi sina mjadala.

Na masupavaiza wawili wakipishana? Inatokea sana, mmoja ni wa takwimu mwingine ni wa mahojiano, huyu anasema ongeza sampuli yule anasema punguza, mwanafunzi anakuwa mpira. Sheria yetu ni rahisi, komenti za wawili zinaenda kwa supavaiza mkuu kwanza, anazioanisha, mwanafunzi anapata karatasi moja. Ikishindikana wanakuja kwangu wao wawili, mwanafunzi asiwepo.

Kila mgeni awe na kungwi wake

Pwani hakuna mwali anayeachwa ajifunze mwenyewe, ana somo wake, ana kungwi. Sisi tunamchukua mtu aliyefundishwa kutafiti tunadhani ameshafundishwa kusimamia, na hizi ni kazi mbili tofauti kabisa. Sasa hivi wapo wengi wanaorudi, mradi wa HEET peke yake, ule wa elimu ya juu wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, umepeleka wahadhiri wengi shule, na wakirudi barua yao inawasubiri chini ya mlango kama yangu.

Mpe kila mpya mtu mzima mmoja kwa mwaka mzima, na kazi iwe ya kuonekana. Mpya anakaa kwenye vikao vitatu vya usimamizi vya mkubwa wake, anasikiliza tu. Mkubwa anakaa kwenye viwili vya mpya, naye anasikiliza tu (hii ni ngumu kwake, mwambie aje na karanga za kutafuna). Mpya anaonyeshwa ripoti za watahini wa nje za miaka iliyopita, majina yakiwa yamefichwa, kwa sababu mle ndani ndo anaona kazi inaangukia wapi: maswali hayaendani na mbinu, mjadala unarudia matokeo. Alafu anahudhuria viva mbili (ule mtihani wa mdomo wa kutetea tasnifu) kabla mwanafunzi wake mwenyewe hajafika huko. Mpaka hayo yaishe yeye ni supavaiza wa pili tu, wa kwanza hawi.

Usimpangie kungwi ambaye ndo atamjadili kwenye kamati ya kupandishwa cheo. Huyo mpya hatamwambia ukweli wake hata siku moja.

Na chagua makungwi kwa kuangalia ile Excel. Wakubwa wapo wenye majina mazito ambao ukiangalia kolamu ya mwisho mwanafunzi ana miezi minane hajarudishiwa kitu.

Vibali, jamani vibali

Kuna miezi inapotea hapa bure kabisa na supavaiza wengi hawajui njia kwa sababu mara ya mwisho kuipita ni walipokuwa wanafunzi, na mambo yamebadilika. Tengeneza karatasi moja, ibandike, iwe kwenye Drive, na mtu wa ofisi yako aipitie kila mwanzo wa semista. Kwa Tanzania Bara: barua ya chuo ya kibali cha utafiti, inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka mkoani inashuka wilayani, halmashauri, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Utafiti wa afya unaogusa watu lazima upate kibali cha maadili, iwe kamati ya chuo au NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kutegemea na kazi yenyewe. Mwanafunzi wa kutoka nje ya nchi anapita COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia. Zanzibar wana utaratibu wao, mambo ya afya ni ZAHRI, taasisi yao ya utafiti wa afya, usimruhusu mtu apande boti na barua ya Bara akidhani imetosha. Kenya ni kamati ya maadili iliyotambuliwa kwanza, alafu NACOSTI, tume yao ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti.

Supavaiza akijua hii karatasi anamwambia mwanafunzi aanze kibali wiki ile ile pendekezo linapopita, sio baada ya "kumalizia malizia". Hilo tu.

Supavaiza naye ni mtu

Mafunzo tunayaongelea sana, msaada tunausahau. Mwaka juzi mwenzangu alikuja ofisini kafunga mlango, mwanafunzi wake amefiwa na mume, ana watoto watatu, haandiki, hapokei simu, na yeye hajui ampe muda au amripoti. Hakuwa anahitaji kozi, alikuwa anahitaji mtu wa kumuuliza. Kwa hiyo weka saa mbili kila wiki ambazo supavaiza yeyote anaweza kuja kwako na jambo lililomshinda, bila fomu. Wafundishe pia kuahirisha masomo kunafanyikaje kwenye chuo chenu, nimekuta wahadhiri wa miaka kumi hawajui kama mwanafunzi anaweza kusimamisha masomo kwa dharura, wanamuacha tu muda wake wa usajili unakwisha.

Kuna hili lingine, siwezi kuliruka. Rushwa ya ngono. Kwenye kila mafunzo ya masupavaiza lazima lisemwe kwa jina lake na sio "maadili ya taaluma", Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kifungu cha 25 kinaitaja kama kosa la jinai, sio utovu wa nidhamu wa kumalizana idarani. Mambo ya kufanya ni ya kawaida tu: vikao ofisini saa za kazi, mlango wazi au chumba chenye kioo, hakuna kikao cha sura ya tatu kwenye baa wala nyumbani, na mwanafunzi awe na mtu wa kumlalamikia ambaye hayupo idara hiyo na jina lake limebandikwa. Hii inamlinda na supavaiza muungwana, ambaye ndo wengi.

AI sitaiongelea sana maana kila chuo kinaandika sera yake. Ninachowaambia wenzangu ni kwamba ule mchezo wa kukimbizana na asilimia za Turnitin (ile programu ya kukagua maandishi ya kunakili) hautasaidia. Mwite mwanafunzi, funga laptopu, muulize kwa Kiswahili kwanini alichagua wilaya hii na sio ile, na yule mhojiwa wa saba alisema nini kilichomshangaza. Aliyeifanya kazi yake ataongea mpaka umnyamazishe.

Hela na cheo

Tuseme ukweli. Mhadhiri anafundisha madarasa makubwa, anasahihisha mitihani mamia, anatafuta konsalti ili alipe ada za watoto, na usimamizi hauhesabiki popote mpaka mwanafunzi avae joho, na hata hapo malipo yanakuja mwaka mwingine. Ukimwambia aje kwenye darasa la komenti anakuangalia tu.

Posho ya usimamizi huenda huiwezi, iko juu ya uwezo wako. Unachoweza: usimamizi uingie kwenye hesabu ya mzigo wa kazi wa semista kama somo linavyoingia, kwa masaa. Kwa vyuo vya umma hapa Tanzania, uandikwe kama kazi kwenye PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma) na utimizaji wake upimwe kwa mrejesho uliotolewa kwa wakati, sio kwa idadi ya majina. Na malipo yagawanywe kwa hatua, pendekezo likipita sehemu kidogo, tasnifu ikiwasilishwa sehemu nyingine, badala ya kumngojesha mtu miaka. Hilo la mwisho tulilipigania kwa mhasibu vikao vinne, limepita nusu.

Usivumbue gurudumu

Kozi zipo. Chuo cha Stellenbosch, kupitia kituo chao cha utafiti cha CREST kwa kushirikiana na mpango wa elimu ya juu wa Wajerumani uitwao DIES, wana kozi ya mtandaoni ya kusimamia PhD iliyotengenezwa kwa ajili ya vyuo vya Afrika. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika, ambayo inaongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na chuo kikuu cha Wits cha Afrika Kusini tangu 2008, imekuwa ikifundisha wanafunzi wa PhD wa afya ya jamii na pia masupavaiza wao, na kile cha kuwaweka wote wawili kwenye programu moja ni cha kuigwa. Uingereza kuna UKCGE, baraza lao la masomo ya uzamili, wana mfumo wa usimamizi bora wenye maeneo 10, kuanzia kumchagua mwanafunzi mpaka supavaiza kujitathmini mwenyewe na kuboresha usimamizi wake.

Sisi ule mfumo wa maeneo 10 tuliujaribu wote kwa mkupuo na ikawa uji, watu walijaza madodoso tu. Sa hivi kila supavaiza anachagua mawili kwa mwaka. Ajabu ni kwamba wengi wanachagua mrejesho wa maandishi, na la pili wanachagua uhusiano na supavaiza mwenza, hilo la wenza sikulitegemea kabisa. Na mtu mmoja au wawili wapeleke kwenye hizo kozi kila mwaka, kwa masharti kwamba akirudi anaongoza darasa la komenti semista nzima. Asiyekubali sharti asiende, atakwenda mwingine.

Utajuaje kama inafanya kazi

Usigawe yale madodoso ya mwisho wa semina, "mtoa mada alikuwaje, ukumbi ulikuwaje", kila mtu anaandika vizuri sana maana anataka kuondoka. Rudi kwenye Excel. Chukua siku kati ya kuwasilisha na kurudishiwa, kabla na baada ya miezi sita. Chukua komenti za supavaiza mmoja za mwaka jana na za mwaka huu, kwa ruhusa yake, uone kama ndoano zimepungua. Na wapigie simu waliomaliza, sio walio ndani, walio ndani bado wanaogopa. Aliyeshapata cheti chake anakwambia yote, mpaka ya wewe mwenyewe. Mimi niliambiwa naongea sana kwenye vikao, mwanafunzi anatoka ameandika kurasa nne na hajasema neno. Nimeanza kumwachia yeye dakika 15 za mwanzo, nashikilia kikombe cha chai ili nisifungue mdomo.

Ukianza semista hii, wiki mbili za kwanza ni Excel na simu, ya tatu ni kikao cha idara cha kupitisha kikomo na ile fomu ya ukurasa mmoja, ya nne darasa la komenti la kwanza. Makungwi wapangwe kabla ya katikati ya semista. Bajeti yetu nzima ilikuwa rimu mbili za karatasi, wino, sukari, majani na mihogo ya mama wa kantini. Tunakutana Alhamisi saa nane mchana, kile chumba chenye feni linalopiga kelele, na kila anayekuja anakuja na kalamu. Nyekundu tumezipiga marufuku.